Jinsi ya Kujibu Malalamishi ya Bustani Bila Kukata Utepe

Tuseme barua imefika mezani kwako leo asubuhi. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, na chini yake kuna sahihi za majirani na alama mbili za kidole gumba. Inasema taa ya bustani ya mtaa haiwaki, bembea moja imekatika mnyororo, choo kimefungwa na hakuna anayejua ufunguo uko kwa nani, taka zimefika hadi kwenye mabenchi, na jioni akina mama hawakatizi tena pale kwa kuogopa wezi, wanazunguka kwa barabara ya lami. Hakuna mahali popote katika barua hiyo palipoombwa bustani mpya.

Wewe ni afisa wa manispaa ya Isiolo, au msimamizi wa wadi, au mwakilishi wa Wabera ama Bulla Pesa. Mwongozo huu ni wako. Una utani ndani yake, kwa kuwa mambo ya bustani yamesemwa kwa hasira miaka mingi na hasira haijawahi kubadilisha balbu. Lakini kila hatua iliyoandikwa hapa imekusudiwa kufuatwa kama ilivyo.

Isome barua mpaka kwenye sahihi

Hatua ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote: usijibu kwa kitu kikubwa kuliko ulichoombwa. Isiolo ni mji uliozoea kuahidiwa makubwa. Ruwaza ya 2030, iliyozinduliwa mwaka 2008, iliutaja kuwa mmoja wa miji ya kitalii itakayojengwa nchini. Machi 2012 mradi wa LAPSSET ukazinduliwa Lamu, na kwenye ramani yake Isiolo ikawa njia panda ya barabara, reli na bomba la mafuta, upande mmoja Ethiopia, upande mwingine Sudan Kusini. Mwaka 2017 ukafunguliwa uwanja wa ndege wa kimataifa. Lami ya Moyale nayo ilifika kweli, na kila dereva wa lori aliyewahi kulala kwenye matope ya Marsabit anajua thamani yake.

Makubwa yana kazi yake, nayo yaendelee. Shida ni mazoea yaliyoachwa ofisini. Mwananchi akiomba balbu, anaonyeshwa mchoro. Akiomba ufunguo wa choo, anaambiwa bustani yote itafanywa ya kisasa, itakuwa na chemchemi ya maji, geti la chuma na jina la kiongozi juu ya geti. Anarudi nyumbani na ahadi nzito kuliko aliyokuja kuitafuta, na kwa kuwa ni nzito, inakaa. Mwaka unaisha. Jiwe la msingi linawekwa, utepe unakatwa, picha zinapigwa, na usiku ule ule wa uzinduzi mama anazunguka tena kwa barabara ya lami kwa sababu jiwe la msingi halitoi mwanga.

Basi jibu bembea kwa bembea na balbu kwa balbu. Fungua karatasi, andika kila kitu kilicholalamikiwa kwenye mstari wake, na mbele ya kila mstari andika jina la mtu mmoja na tarehe moja. Usiandike "idara husika". Hakuna mtoto wa Isiolo aliyewahi kukutana na idara husika.

Tenganisha barua mbili zilizo ndani ya moja

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliigawa barua hiyo kabla haijaandikwa. Bustani na sehemu za burudani ni kazi ya kaunti. Taa za barabarani ni za kaunti, na uzoaji taka pia. Polisi ni wa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo mama anayeandika kwamba bustani haina usalama ameziandikia serikali mbili kwa pamoja bila kujua, na hapo ndipo barua nyingi za namna hii hufia. Kaunti inasoma habari za wizi na kumwelekeza kituo cha polisi. Kituoni wanasoma habari za taa na kumrudisha kaunti. Kila safari ni nauli ya boda boda, na kila dirisha lina upole uleule:

"Mama, hiyo si yetu. Jaribu upande ule."

"Mwanangu, upande ule ndio umenituma hapa."

Kazi ya kutenganisha ni yako, si ya mama huyu. Chukua karatasi mbili. Ya kwanza iwe na taa, vichaka, choo, taka na bembea, nayo iende kwa meneja wa manispaa. Ya pili iwe na mambo ya polisi: simu zinanyakuliwa sehemu gani, saa ngapi, na wanyang'anyi hukimbilia upande gani. Hiyo mpelekee mkuu wa kituo cha polisi (OCS), nakala kwa chifu, na ndani yake mweleze taa itarudi lini ili apange doria ya miguu mpaka siku hiyo. Nakala ya zote mbili mpe mwenye barua, zikiwa na namba ya kumbukumbu, tarehe ya kupokelewa na jina la aliyezipokea. Akirudi wiki ijayo asilazimike kusimulia upya toka mwanzo kwa karani mpya.

Nenda saa moja jioni, kwa miguu

Saa nne asubuhi kila bustani ni salama. Afisa anayekagua saa hiyo, akiwa na dereva, karani na kijana wa kupiga picha, ataona mwarobaini na kivuli chake kizuri, na ataandika ripoti ya kweli isiyomsaidia mtu. Malalamishi ya usalama yaliyo kwenye barua yako yanaanza baada ya Magharibi. Nenda wakati huo. Acha gari ofisini. Mwambie kijana wa kamera apumzike nyumbani, naye ana familia.

Shika njia anayoshika msichana anayetoka dukani na maziwa. Angalia vitu vilivyo kimo cha mtu: kichaka kinachokufika kifuani, kona ya choo isiyoonekana kutoka barabarani, mtaro uliokosa kifuniko. Kisha inua macho uitazame taa ya mulika mwizi. Inaweza kuwa imezimika kwa sababu tatu, na kila sababu ina mtu wake. Ikiwa balbu imeungua, hiyo ni kazi ya fundi. Ikiwa waya umekatwa na kuibwa, ni kazi ya fundi na polisi. Ikiwa stima imekatwa kwa sababu bili haijalipwa, fundi hata apande mlingoti mara ngapi hatapata kitu, anayetakiwa ni mhasibu. Ukiandika kwenye ripoti kwamba taa ni mbovu, umewaandikia watatu wote kwa pamoja na hakuna atakayejiona ameitwa.

Chini ya mlingoti huo kuna kijimlango cha chuma. Kitazame kwa karibu. Kikiwa kimeng'olewa na nyaya zinaning'inia nje, zipime kwa macho bila kuzigusa: utakuta ziko usawa wa uso wa mtoto wa miaka minne. Hapo uache mwongozo huu wote. Mpigie fundi wa umeme usiku huohuo, na usiondoke mpaka stima imekatwa kwenye mlingoti huo au mtu mzima mwingine amesimama mahali pako. Mengine yote yanaweza kungoja asubuhi.

Ukishamaliza na taa, hesabu watu. Bustani haiogopeshi kwa giza peke yake, inaogopesha kwa utupu. Jane Jacobs, mwandishi wa Marekani aliyeandika juu ya miji mwaka 1961, aliona kwamba bustani hulindwa na watu wa aina mbalimbali wanaoitumia kwa saa mbalimbali, kila mmoja kwa shughuli zake. Hilo halihitaji safari ya mafunzo ng'ambo. Nenda siku ya Idi jioni uone: watoto wamevaa nguo mpya, akina baba wameketi kwenye majani, muuza aisikrimu na muuza mabuyu wamepanga bidhaa mlangoni, na hakuna anayeshika simu yake kwa wasiwasi. Taa ni zilezile na mlinzi ni yuleyule. Kilichoongezeka ni watu. Kwa hiyo mama anayeuza chai na mandazi karibu na geti, yule ambaye askari wa kaunti humfukuza, ana macho yanayotazama bustani kuanzia alfajiri hadi usiku bila mshahara wa serikali. Mpe mahali pake rasmi, mpe pipa la taka, na mwombe namba yake ya simu.

Na ukihesabu, hesabu wasichana peke yao. Mjini Vienna, miaka ya 1990, watafiti waligundua kwamba wasichana wakishapita umri wa miaka tisa hivi hupungua bustanini ilhali wavulana wanabaki. Mji ule ukabadilisha bustani: ukaweka njia zenye mwanga, sehemu za kuketi kwa makundi, viwanja vidogo kadhaa badala ya kimoja kikubwa kinachotawaliwa na mpira wa wavulana. Wasichana wakarudi. Hapa Isiolo hesabu hiyo inafanyika kwa dakika chache. Kama umekaa bustanini jioni nzima na hukumwona msichana hata mmoja wa darasa la sita, malalamishi yaliyo kwenye barua ni kweli yote, na bado mengine hayajaandikwa. Waulize wenyewe. Wapelekee afisa mwanamke, mbali na umati, maana kuna maneno ambayo msichana wa miaka kumi na mbili hatayasema mbele ya wanaume kumi wenye vitambulisho shingoni.

Usikate mathenge kwa ajili ya mgeni

Wiki moja kabla ya mgeni mkubwa kuja, vijana huitwa, hupewa mapanga, na mathenge yote ya bustani, ile miti ya miiba, hukatwa usawa wa goti. Siku ya mgeni pako wazi na panapendeza. Baada ya mvua moja shina lililokatwa linachipua matawi mengi kuliko lilivyokuwa, na kichaka kinarudi kizito, kikiwa na miiba inayopenya soli ya kandambili na tairi la baiskeli. Mathenge hung'olewa na shina lake lote chini ya udongo, na machipukizi yake hufuatwa msimu baada ya msimu. Serikali yenyewe na wafadhili ndio walioueneza mti huu nchini zamani wakipigana na jangwa, na wafugaji wa Baringo waliudhika nao kiasi kwamba mwaka 2006 walienda mahakamani wakiwa na mbuzi aliyepoteza meno, awe ushahidi wa madhara ya kula maganda yake. Ukishindwa kumshawishi mhasibu kwamba kung'oa kunagharimu zaidi ya kukata lakini kunakwisha, msimulie habari ya mbuzi huyo.

Panda mwarobaini au mgunga mahali pa mathenge, panda mvua za vuli zinapoanza, na usipande mche usio na mtu wa kuutilia maji Januari na Februari. Ondoa matawi ya chini miti ikishakua ili mtu aone upande wa pili.

Mbuzi wa kawaida wa mtaani, wenye meno yao yote, nao wataingia. Mvua ziliposhindwa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, kila jani la kijani mjini lilikuwa chakula cha mnyama wa mtu. Zungumza na wenye mifugo kabla ya kujenga ua. Geti linalojifunga lenyewe na birika la maji nje ya bustani vitafanya kazi kubwa kuliko bango la onyo na faini.

Kila bustani na aba herega wake

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mji huu unakaa jirani na mojawapo ya taratibu bora za utunzaji zinazojulikana Afrika Mashariki, na hatuutumii kwa mali ya umma ya mjini. Katika visima vya Waborana, kuanzia nyanda za Garbatulla hadi ng'ambo ya mpaka wa Ethiopia, kuna mtu anayeitwa aba herega. Huyu ndiye anayepanga zamu za kunywesha mifugo na kuangalia kwamba kisima kinasafishwa na birika linakarabatiwa. Juu ya hapo kuna wazee wa dedha, wanaoamua malisho gani yatumike wakati wa mvua, yapi wakati wa kiangazi, na yapi yaachwe mpaka ukame ukolee kabisa. Mfugaji akifika kisimani akute birika limepasuka, haandiki barua. Anajua nyumba ya kwenda.

Isiolo ilishawahi kuuchukua ujuzi huo na kuuingiza serikalini. Miaka ya 2010 kaunti hii ilikuwa ya kwanza Kenya kujaribu hazina ya kaunti ya kukabili mabadiliko ya tabianchi, ambapo kamati za wadi zilizochaguliwa na wenyeji zilipanga zenyewe miradi ya maji na malisho na kusimamia utekelezaji wake. Walioona jinsi kazi ile ilivyofanyika hawawezi kuambiwa kwamba wananchi hawajui kupanga.

Bustani ya mtaa inahitaji kitu hichohicho: mtu mmoja, mwenye jina na uso, anayelipwa, anayekaa mtaa huohuo. Aitwe mtunzaji. Jina lake na namba ya simu ya kazi viandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa choo, herufi kubwa, mahali ambapo sasa pameandikwa matangazo ya waganga. Yeye ndiye awe na ufunguo, na ufunguo wa pili uwe kwa yule mama wa chai. Daftari lake liwe na safu nne tu: tarehe, kilichoharibika, aliyeambiwa, siku kilipotengenezwa. Daftari hilo likae wazi kwa yeyote anayetaka kulisoma, mwanafunzi, imamu, mchungaji, hata mwakilishi wa wadi anayepita kutafuta kura.

Usimchague mtunzaji kwa hesabu ya kabila la nani limepewa kazi mwaka jana. Katika mji wa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, bustani ni mojawapo ya mahali pachache ambapo watoto hugombania bembea bila kuulizana wazazi wao wanatoka wapi. Nimeandika sentensi hiyo nikijua vizuri kwamba mji huu umewahi kuona siku mbaya. Mahali hapo pakifa kwa giza, kila mtoto atabakia kucheza uani kwao, na watu wazima wa kesho watakutana mara ya kwanza wakiwa tayari wameambiwa mabaya ya wenzao. Kwa hiyo waite wazee wa mitaa yote inayoizunguka bustani, wanawake na vijana wakiwemo, wakae baraza moja, wamtaje mtu wanayemwamini kwa ufunguo. Watu hawa wameshaamua mambo mazito zaidi ya hayo chini ya mti.

Fundi kabla ya zabuni

Mnyororo wa bembea ulikatika kwenye kile kiungo cha juu kinachosuguana na bomba. Fundi wa kuchomelea wa jua kali atakitengeneza kabla ya adhuhuri. Kazi ndogo kama hii hulipwa kwa masurufu na kupatiwa risiti. Haihitaji kutangazwa gazetini, haihitaji kamati, na haihitaji kuunganishwa na ukarabati wa awamu ya pili. Mpaka fundi afike, ondoa kiti cha bembea kabisa. Bembea ya mnyororo mmoja ni mtego, na watoto hawasomi mkanda wa njano.

Taa za sola zinastahili onyo fupi: betri zake huchoka, na joto la Isiolo huzichosha mapema. Anayenunua taa leo bila kuweka fedha za betri mpya ameshapanga siku ya giza.

Usimkasirikie mwenye kalamu ya bluu

Kuna afisa ambaye akipokea malalamishi huanza kwa kuuliza, "Ni nani anawatuma?" Huyo nimkumbushe habari ya 1989. Serikali ilitaka kujenga mnara wa orofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, wa kampuni ya gazeti la chama tawala. Wangari Maathai akaandika barua. Akaandika kwa kampuni, kwa ofisi za serikali, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa, akiuliza maswali ya adabu kabisa kuhusu bustani ya watu wote. Wabunge wakamkejeli bungeni. Rais Moi akasema wanaoupinga mradi wana wadudu vichwani. Alipokwenda mahakamani, kesi ikatupwa kwa sababu kwamba yeye binafsi hakuwa na haki ya kushtaki katika jambo hilo. Wafadhili wa nje wakajitoa, na mnara haukujengwa. Leo ukienda Uhuru Park unakuta watu wamelala kwenye nyasi mchana, na orofa zote 60 hazipo. Miaka miwili baadaye, 1991, ilikuwa zamu ya Jeevanjee Gardens, bustani iliyotolewa kwa umma na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee mwaka 1906. Wananchi, akiwemo mjukuu wake Zarina Patel, wakaikingia kifua.

Tangu hapo sheria imegeuka. Ibara ya 70 ya Katiba inamruhusu mtu kwenda mahakamani kutetea mazingira safi na yenye afya bila kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia. Mama wa barua yako hahitaji kungoja mtoto wake aanguke kwenye mtaro. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa haki ya kuwasilisha ombi kwa kaunti na inakutaka wewe ulijibu upesi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa siku 21 za kumjibu anapouliza, kwa mfano, ni kiasi gani kilitengwa kwa bustani mwaka jana na kilitumika wapi. Ukinyamaza, Tume ya Utawala wa Haki, ambayo wengi huiita Ombudsman, ina ofisi hapahapa Isiolo, na kufika huko hakuhitaji basi la Nairobi. Nakusihi umweleze haya yote mwenyewe, siku ya kwanza, kwa lugha anayoielewa. Afisa anayemwonyesha mwananchi mahali pa kumshtaki huaminiwa haraka, na wananchi wanaomwamini humletea habari za nyaya kabla hazijaibwa.

Usipoweza kutimiza tarehe uliyoandika, mpigie simu kabla ya tarehe kufika. Sema kimekwama wapi. Watu huvumilia balbu iliyochelewa kwa sababu wanayoijua.

Kuna hatari nyingine inayokuja polepole. Bustani iliyoachwa na giza, taka na choo kilichofungwa huzoeleka kuitwa kiwanja kitupu, na katika mji ambamo kiwanja kimoja kimewahi kuwa na barua za umiliki za watu wawili, kiwanja kitupu hakikai muda mrefu bila mwenyewe. Kwa hiyo katika wiki hiyohiyo ya balbu, nenda ofisi ya ardhi, tafuta ramani na namba ya kiwanja, thibitisha kwamba kimeandikwa ardhi ya umma, kisha mwombe mpima aonyeshe mipaka mbele ya wazee na vijana. Bandika nakala ya ramani msikitini, kanisani na kwa chifu. Taa inayowaka na watoto wanaocheza ni ulinzi wa mpaka pia.

Kabla ya Septemba mosi

Sasa fedha. Kila mwaka kaunti hutakiwa kupeleka mpango wake wa maendeleo kwenye bunge la kaunti kabla ya Septemba mosi, waraka wa mkakati wa fedha kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30, ili mwaka mpya wa fedha uanze Julai. Wananchi wengi huitwa kwenye kikao cha maoni mwishoni kabisa, ukumbini, kwa kitabu kikubwa ambacho hakuna aliyekiona kabla ya asubuhi hiyo. Wewe waite Julai, bustanini penyewe, jioni, ukiwa na karatasi moja. Iandike hivi: ujira wa mtunzaji kwa miezi 12, balbu na betri za akiba, bili ya stima, maji ya choo na ya miche, uzoaji taka mara mbili kwa wiki, ung'oaji wa mathenge, mafundi wa matengenezo madogo. Mbele ya kila kimoja weka shilingi. Wasomee kwa sauti, na tafsiri ipatikane kwa Kiborana, Kisomali na Kiturkana. Wakikwambia bei ya lori la taka ni kubwa mno, sikiliza, wao ndio wanaokodi mikokoteni ya punda kila wiki na wanajua bei.

Fungu hilo liitwe matengenezo, na lisichanganywe na ujenzi. Fedha za ujenzi huonekana zimetumika kitu kikishasimama. Fedha za matengenezo ni za kila mwezi, hazina picha, na ndizo za kwanza kukatwa bajeti ikibana. Utakapoitwa kuzitetea mbele ya kamati ya bunge la kaunti, nenda na daftari la mtunzaji lenye safu zake nne, uwape walisome ukurasa kwa ukurasa, na umlete mtunzaji mwenyewe ajibu maswali. Na kabla ya kuingia kwenye kikao hicho hakikisha kwamba yule fundi wa jua kali ameshalipwa.